Askari, Mwambieni Baba

Kwa miaka kumi na moja nilimjua baba mkwe wangu kwa miguu yake. Miguu ndiyo sehemu pekee ya mwili wake niliyoruhusiwa kuiona. Mimi ni Mhehe wa Mlandege, Iringa, nimeolewa na Mnyakyusa, na katika ukoo ule, wanaoshika mila mpaka leo, mke wa mtoto hamtazami baba wa mume wake. Hamsemeshi. Jina lake halitaji. Akisikia kikohozi chake njiani anaingia migombani au anageukia ukutani, anainama, anasubiri miguu ipite. Siku wifi zangu waliponieleza haya nilicheka. Wakanyamaza wote, wakanitazama. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeolewa kweli.

Basi nikawa naona miguu. Ilikuwa miguu mizuri, jamani, mbona nisiseme. Mirefu, mikakamavu, ya mtu aliyepigana vita ya Uganda akiwa kijana na ambaye mpaka uzeeni alitembea akinyoosha goti. Mama yangu aliponisalimia kwa Kihehe kwenye simu na kuniuliza, "Kamwene, mwanangu, hivi huyo mkwe wako anafananaje?" nilimjibu kwamba anavaa viatu namba kumi.

"Weee!" akasema mama. "Ndiyo ujue umeolewa na watu wa masharti."

Juni iliyopita mguu mmoja ukaharibika. Mzee ana kisukari, na gambuti ilikuwa imemchubua kidole cha mguu wa kulia tangu Pasaka. Akakificha. Alivaa soksi, akaendelea kupalilia migomba yake huko Rungwe, akawaambia watu amejikwaa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mume wangu alipokwenda kumsalimia alisikia harufu kabla hajaona kidonda. Siku hiyohiyo, Jumamosi, akampakia kwenye gari akamleta kwetu Mbeya mjini, ili apelekwe hospitali.

Jumapili mchana mume wangu akapigiwa simu na tajiri wake. Yeye ni dereva wa malori ya kwenda Kongo. Mwenzake ameugua, mzigo umekwama Tunduma, aondoke sasa hivi au kazi wapewe wengine. Akasimama katikati ya korido ameshika begi, ananitazama mimi, anatazama pazia la sebule ambamo baba yake alikuwa amekaa.

"Mtaishije nyie wawili?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Utajua wewe uliyenioa," nikamjibu. Nilikuwa na hasira. Shule zilikuwa zimefungwa, watoto wetu wawili niliwapeleka kwa mama yangu Mlandege, na nilikuwa nimejipangia wiki mbili za kulala. Sasa nimeachiwa mgonjwa nisiyeweza hata kumuuliza anaumwa wapi.

"Dada yangu atakuja Jumatatu ijayo, si kesho. Mtumie simu mkitaka kuongea."

"Simu si sauti yangu kwenye sikio lake?"

Akatupia begi begani. Akaondoka.

Nyumba yetu ni ndogo. Korido inatoka jikoni mpaka sebuleni, na mwisho wake hakuna mlango, kuna pazia tu. Pazia likifungwa nusu, mtu aliyeko korido anaona ukuta wa mbele wa sebule lakini haoni viti. Kwenye ukuta ule nilikuwa nimebandika picha yangu ya askari.

Picha ile niliipata Igowole, Mufindi, nilikoanza kazi ya ualimu kwenye shule ya kanisa. Mwalimu mmoja mzungu alikuwa anastaafu, akagawa vitu vyake. Wenzangu wakagombania jiko la gesi na mablanketi. Mimi nafundisha historia na somo la dini, nikachukua picha, wakanicheka mwaka mzima. Ni karatasi ngumu, ndefu kama kitanda cha mtoto, yenye michongo ya mawe iliyokuwa kwenye kuta za ikulu ya wafalme wa Ashuru. Inaonyesha jeshi linateka mji wa Lakishi. Kuna wapiga mishale wenye kofia zenye ncha, wengine wanapanda ngome na mikuki, wengine wanatoka mjini wamebeba vitu vya watu mabegani. Nyuma yao mateka: wanawake wamekaa juu ya mizigo kwenye mikokoteni ya ng'ombe, watoto wamepakatwa. Na askari wote wametazama pembeni. Tafuta mmoja anayekutazama usoni, humpati. Ila miguu yao mchongaji aliihangaikia. Kila shavu la mguu lina misuli iliyochongwa mmoja mmoja, kama kamba.

Pembeni chini palikuwa na kipande nilichokiziba kwa karatasi ya manila. Pale askari wanaleta vichwa vya watu, na makarani wawili wanaandika. Kwetu Iringa kila mtoto anajua habari ya mtemi wetu aliyekatwa kichwa na kichwa kikapelekwa Ulaya, kikakaa huko miaka na miaka kabla ya kurudishwa. Mhehe gani atakunywa chai akitazama vichwa?

Jumapili ile jioni nikapika chai na viazi, nikaweka sinia kwenye kigoda karibu na pazia, nikagonga ukuta mara mbili, nikarudi jikoni. Kimya. Nikachungulia: sinia halijaguswa. Nikagonga tena. Kimya. Pengine amesinzia, pengine hajui kugonga kwangu kuna maana gani. Chai inapoa, mtu wa kisukari hajala tangu asubuhi, na mimi nimesimama korido kama mwizi. Uvumilivu ukaniishia. Nikawatazama wale askari ukutani.

"Askari," nikasema, "mwambieni baba chai inapoa."

Kiti kililia. Nikashika mdomo. Nikafikiri, haya sasa, nimeharibu. Halafu nikasikia sauti nzito, ya karibu kuliko nilivyotegemea.

"Askari, mwambieni mama chai nimeiona. Ndaga."

Ndaga ndiyo asante yao. Nikacheka ndani ya kanga mpaka machozi yakanitoka, na nadhani na yeye alicheka, maana alikohoa kikohozi kisicho na makohozi.

Tangu hapo tukaongea kupitia askari. Kila sentensi ilipita kwao kwanza. Sitarudia kila mara. Yeye upande wake wa pazia, mimi kwenye kigoda changu korido na jiko la mkaa miguuni, maana Juni ya Mbeya si mchezo. Aliwauliza wanatoka nchi gani, nikamjibu. Aliwasifia miguu.

"Mwanajeshi ni miguu," aliwaambia. "Bunduki inafuata."

Halafu akauliza, "Huyu aliyebeba kiti. Anakipeleka wapi?"

"Mwambieni baba, anakipeleka kwa mfalme. Mali yote ya mji ilikuwa ya mfalme."

"Siyo wote," akasema. "Mwambieni mama, siyo wote waliompelekea mfalme."

Sikulitilia maanani.

Jumatatu tulikwenda hospitali kwa bajaji. Yeye alikaa mbele ubavuni mwa dereva, mimi nyuma nimejitanda kanga mpaka kwenye nyusi. Mapokezi nesi akashika kalamu: "Jina la mgonjwa?" Nikanyamaza. "Dada, jina la mgonjwa nani?" Foleni nyuma yangu inanguruma. Ulimi ulikuwa mzito kweli, siigizi. Miaka kumi na moja sijawahi kulitamka jina lile hata nikiwa peke yangu. Nesi akasema, "Umemleta mtu usiyemjua jina?" Ikabidi mzee alitaje mwenyewe kutoka kwenye benchi, kwa sauti ya paredi. Watu wakacheka. Mimi nikatamani ardhi ipasuke.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, lakini hakuzunguka. Mguu umeoza mpaka juu ya kifundo. Ukatwe chini ya goti, Jumatano asubuhi. Ukiachwa, sumu itapanda kwenye damu, na hapo hakuna cha kufanya. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango nikisikiliza, na nilimsikia mzee akijibu bila kusita, "Kateni." Nikamshukuru Mungu. Nikampigia mume wangu, akapatikana, akalia kidogo, akasema yuko karibu kuvuka mpaka na Zambia, na kwamba baba yake ni mwanaume.

Ningekaa kimya Jumanne, mambo yangeenda yalivyopangwa.

Jumanne asubuhi nilileta uji, nikaona ukutani manila yangu imebanduliwa. Vichwa viko wazi, makarani wanaandika. Damu ikanipanda.

"Askari! Nani amebandua karatasi yangu?"

"Mwambieni mama, ni mimi. Mtu asifichiwe kazi yake."

"Mwambieni baba nyumba hii ina mwenyewe."

"Mwambieni mama anisamehe." Halafu, baada ya muda, "Mwambieni aniambie. Hawa walioleta vichwa walifanywa nini baadaye?"

Hapo nikaingiwa na ualimu. Ningesema sijui, ningesema walikufa zamani, basi. Lakini mwalimu akiulizwa swali analolijua ni kama mlevi amewekewa kinywaji. Nikavuta kigoda, nikamweleza yote. Jinsi mfalme yule alivyorudi kwake na nyara zake, akachongesha ushindi wake ukutani ili wageni wauone. Jinsi alivyouawa siku moja, na waliomuua ni wanawe mwenyewe. Jinsi ikulu ilivyochomwa moto baadaye, ikafukiwa na udongo.

"Wanawe?"

"Wa kuwazaa."

"Na huyu mbeba kiti?"

"Habari zake hazikuandikwa," nikasema. Nikamalizia na sentensi ninayoipenda, ninayowapa wanafunzi wangu kila mwaka kabla kengele haijalia. "Lakini ya vitani huishia nyumbani. Mtu anaweza kuyakwepa yeye, watoto wake wasiyakwepe."

Nikasubiri aseme ndaga. Ndaga haikuja. Nikachukua bakuli nikaenda kuosha vyombo, nimeridhika na somo langu.

Jumatano saa moja asubuhi bajaji ikapiga honi getini. Nikagonga ukuta. Nikagonga tena.

"Askari, mwambieni baba usafiri umefika."

"Mwambieni mama, bajaji irudi. Mguu haukatwi."

Nilidhani ni hofu ya dakika ya mwisho, kila mtu anayo. Nikawatuma askari maneno matamu, nikawatuma maneno makali. Jibu likawa hilohilo, bila hasira: mguu haukatwi. Nikampigia mume wangu, simu haipatikani, ameshavuka. Nikampigia daktari. Akasema, "Mama, mwisho ni Ijumaa. Na akianza kutetemeka kwa homa, usimsubiri mtu." Nikampigia wifi yangu Tukuyu, nikamwomba aje leo. Akasema ana mgonjwa wake mwenyewe, atajitahidi Jumamosi. Nilipomwambia kwamba nitaingia nikaongee naye mzee mwenyewe, akapiga kelele mpaka nikaiweka simu mbali na sikio.

"Wewe! Usithubutu! Unajua mwanamke anayevunja mila hiyo anapatwa na nini? Tumbo linavimba. Na kama si wewe, watoto wako."

Mimi nimesoma, nina cheti cha ualimu ukutani. Lakini mtu akikutajia watoto wako, cheti kinakuwa karatasi tu. Nilirudi kwenye kigoda changu.

Alhamisi harufu ilifika jikoni. Nilifungua madirisha, baridi ikaingia, harufu haikutoka. Sikuwa na la kufanya, na mimi nisipokuwa na la kufanya mikono yangu inaniwasha. Nikatoa cherehani changu, nikakiweka korido juu ya meza ndogo, nikaanza kushona sare za watoto. Ni cherehani cha mkono, cheusi, chenye maua ya dhahabu yaliyofifia. Alinipa yeye mwenyewe, baba mkwe, siku ya harusi. Kwa kuwa hawezi kunikabidhi, wifi ndiye aliyekileta kimefungwa kitenge. Nimeshonea nepi, mapazia, sare, nguo ya ubatizo ya mwanangu wa kwanza. Nilikipenda kuliko kitu chochote nilichopewa siku ile.

"Askari, mwambieni mama aache hicho cherehani."

Nikadhani kelele zinamsumbua. Nikapunguza mwendo.

"Mwambieni aache!"

Hakuwahi kupaza sauti. Mkono wangu ukagandia kwenye mpini. Nikasikia anapumua, anapumua, halafu akaanza kuongea na askari, na safari hii hakuwaambia wamwambie mtu. Aliongea nao kama wenzake.

Alisema kule Uganda walikuwa wanasonga mbele, walikuwa wamechoka, maadui wamekimbia, na watu wa mji waliouingia wamekimbia au wamejifungia. Amri ilikuwa mtu asiguse mali ya raia. Yeye akaingia nyumba moja yenye mlango wa bluu kutafuta maji. Hapakuwa na maji. Palikuwa na cherehani juu ya meza, kina kitambaa bado chini ya sindano. Akawaza mama yake huko Rungwe anayeshona kwa mkono. Akakibeba begani. Alipofika mlangoni, mwanamke akatoka chumba cha nyuma, akajitupa chini akamshika mguu. Hakupiga kelele. Alishika mguu kwa mikono yote miwili, akawa anasema neno moja, lilelile, kwa lugha yao.

"Nikampiga teke," akasema. "Aliponiachia nikampiga la pili. Hilo la pili halikuwa na kazi, wenzangu. Nilikuwa nimeshatoka. Nilirudi kumpiga."

Mama yake hakukitumia. Alikitazama tu, akakifunika. Kikakaa chini ya kitanda miaka yote mpaka mimi nilipoolewa.

"Ni mguu huu," akasema. "Unaoza kwa haki yake. Mkiukata kabla haujamaliza, yaliyobaki yatamfuata mwanangu barabarani, na lori lake. Mama mwenyewe amesema. Ya vitani huishia nyumbani."

Sentensi yangu. Aliirudia kama nilivyoisema, hata kituo aliweka palepale.

Nilikasirika. Nasema ukweli: kwanza nilikasirika kabla ya kuona huruma. Nilikasirika kwamba amenipa kitu cha yule mama nikawashonea wanangu, nikafurahi, nikamwombea kwa Mungu kwa zawadi yake. Nikatoa mkono kwenye mpini kama umeniunguza. Halafu nikamtazama yule askari aliyebeba kiti, anatembea, anatembea, hafiki, na nyuma yake mwanamke kwenye mkokoteni anamwona mgongo. Halafu hofu ikaja, na hofu ikakaa. Mzee huyu atakufa ndani ya nyumba yangu, na atakayekuwa amemuua ni mimi, kwa kumfundisha vizuri.

Ijumaa niliamshwa na sauti ya kitu kinachogongana. Nikakimbilia korido. Yalikuwa meno yake. Chupa ya chai niliyoacha kwenye kigoda haijaguswa.

"Askari, mwambieni baba daktari anasubiri."

Akajibu kwa Kinyakyusa, maneno yamevurugika, anawaita watu nisiowajua. Homa imefika. Nikapiga simu ya mume wangu: haipatikani. Nikashika pazia, nikaliachia. Nikawaza tumbo kuvimba. Nikawaza watoto wangu wanacheza Mlandege, hawajui mama yao anataka kuwafanyia nini. Nikashika tena. Bibi yangu alikuwa akisema heri nusu shari kuliko shari kamili, na mimi siku zote nilidhani anasema habari za wanaume. Nikaliondoa pazia nikaingia.

Sikumtazama usoni. Hilo niliweza kumwachia. Niliinamisha kichwa kama nilivyofundishwa, nikaenda moja kwa moja kwenye miguu, ile niliyoijua. Mmoja ulikuwa bado wa mwanajeshi. Wa pili ulikuwa mweusi mpaka juu ya kifundo, umevimba, unang'aa. Nikapiga magoti. Nikaushika kwa mikono yote miwili.

Akashtuka mwili mzima. "Nani? Toka!"

"Mimi, baba."

"Toka mwanangu, toka, unajiharibia!"

"Sitoki."

"Niachie mguu!"

"Siachii. Nipige teke."

Nilisikia msuli ukikaza chini ya mikono yangu. Nakumbuka hilo kuliko yote: mguu umeoza, lakini juu msuli ulikaza, na goti likaanza kukunjika. Nikafumba macho. Nikawaza, atanipiga. Homa imemrudisha kule, hanioni mimi, anaona mlango wa bluu. Nikakaza mikono.

Goti likabaki limekunjwa. Kisha likashuka, polepole, mpaka uzito wote wa mguu ukawa mikononi mwangu.

"Lile neno," akasema. Alikuwa analia. "Miaka yote sikulijua maana yake lile neno."

"Alisema naomba," nikamwambia. "Neno gani lingine mtu anasema akiwa chini? Na mimi nasema naomba."

"Yatamfuata mtoto."

"Baba, nisikilize. Mimi ni mwalimu wa kukariri. Ile sentensi niliitoa kichwani kwa sababu inapendeza mwisho wa kipindi. Sijui yanaishia wapi, mimi si Mungu. Ninachokijua ni kwamba mwanao yuko barabarani, na akirudi akakuta umekufa kwenye kiti chake kwa ajili ya maneno ya mke wake, hayo ndiyo yatakayomfuata. Hayo hayatamwachia."

Meno yakawa yanagongana. Halafu kitu kizito kikanitua kichwani, juu ya kanga, nikajua ni mkono wake.

"Ita bajaji," akasema.

Mapokezi alikuwa nesi yuleyule. Akanikumbuka, akatabasamu kwa dharau, akashika kalamu. "Haya dada, leo jina la mgonjwa unalijua?"

Nikalitaja. Majina yote matatu, kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Sitaliandika hapa.

Walikata siku ileile, wakakata juu ya goti badala ya chini, kwa sababu ya zile siku mbili tulizopoteza. Siku mbili ni zangu, nazibeba. Mume wangu alipopatikana kwa simu alipanda basi la kurudi, akafika Jumapili, akakabidhiwa mguu wa baba yake kwenye boksi, kama wanavyofanya, akaupeleka Rungwe kuuzika mpakani mwa shamba. Mzee alikuwa amesema usizikwe karibu na mama yake. Nilimweleza mume wangu kila kitu, akataka kukivunjavunja cherehani kwa nyundo. Baba yake akamkataza kwa simu kutoka wodini. "Mwenye mali hakukivunja. Alinyang'anywa." Kipo mpaka leo, chini ya picha, kimefunikwa kitambaa. Hakuna anayejua mji ule ni upi. Yeye anakumbuka mlango tu. Sare za watoto nawapelekea mafundi sokoni.

Tumbo langu halijavimba. Wifi yangu bado analitazama kila akija.

Aliruhusiwa baada ya wiki tatu. Mume wangu alikuwa safarini tena, nikaipokea bajaji getini, nikamwachia dereva amsaidie kushuka, nikatangulia ndani kuandaa kiti. Nilikuwa korido nimeshika chupa ya chai nikasikia magongo yanaingia: gongo, mguu, gongo, mguu. Mwili wangu haukuniuliza. Ukageuka wenyewe, uso ukutani, kichwa chini, kama miaka yote kumi na moja. Magongo yakasimama nyuma yangu.

"Askari," akasema, "mwambieni mwanangu ageuke."

Nikageuka. Alikuwa na sura ya mtoto wangu wa pili, ileile, mpaka nyusi.